Gitaa la Besi katika Bendi Zetu za Dansi

Wanaoandika habari za muziki wa dansi nchini mwetu aghalabu huanza na waimbaji, kisha huwataja wapiga gitaa la solo na wapuliza tarumbeta, na nafasi ikibaki huongeza kwamba palikuwapo pia mtu wa besi. Si haki, na zaidi ya hayo ni kujinyima elimu. Liko swali moja katika historia ya dansi ambalo kwa mwimbaji halionekani, maana mwimbaji huzaliwa na chombo chake na huondoka nacho kila aendako. Kwa mpiga besi swali hilo lilikuwapo kila siku ya kazi: chombo ni cha nani, na ni nani mwenye kukichagua? Katika kurasa hizi tunakusudia kulifuata swali hilo. Itatubidi pia tulitazame gitaa lenyewe kwa karibu, kwa kuwa mtu hawezi kuupima uzito wa kuchagua asipojua vinavyochaguliwa vinatofautianaje.

Sauti nene iliyo chini ya sauti nyingine haikuletwa kwetu na umeme. Katika ngoma zetu nyingi ipo ngoma kubwa inayosema maneno machache na kuziachia ngoma ndogo zipayuke. Msondo, ngoma ile ndefu ya unyagoni, ni mmojawapo, na si ajabu kwamba bendi moja kubwa ya Dar es Salaam ilikuja kuuita mtindo wake kwa jina hilo. Vikundi vya dansi vilipoanza kuota mijini, Dar es Salaam Jazz Band mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948, gitaa la besi la umeme lilikuwa halijatufikia. Palipokosekana chombo kingine, wapigaji wa Afrika Mashariki walijitengenezea besi la sanduku: sanduku la chai lililofunikwa kifudifudi, ufito uliosimamishwa ukingoni, na uzi mmoja uliotoka katikati ya sanduku hadi ncha ya ufito. Mpigaji aliuvuta ufito, uzi ukakaza na sauti ikapanda. Akaulegeza, sauti ikashuka. Chombo hicho kilikuwa duni, hatukatai. Lakini aliyekipiga ndiye aliyekitengeneza, na sanduku likitoa sauti kavu alilitupa akatafuta jingine bila kuomba kibali cha mtu.

Huko Unguja vikundi vya taarabu vilishika besi kubwa ya kusimama, jamaa ya fidla, na hadi leo havijaiacha. Na ni shida za besi hiyo ya kusimama zilizozaa gitaa la besi. Ni kubwa kama mtu mzima, husafirishwa kwa taabu, na penye tarumbeta tatu haisikiki. Huko Seattle, Marekani, Paul Tutmarc alijaribu katika miaka ya 1930 kutengeneza besi ya umeme ya kushikwa mikononi kama gitaa, lakini haikuenea. Iliyoenea ni ile ya Leo Fender wa California, iliyotoka mwaka 1951 kwa jina la Precision Bass, yaani besi ya usahihi. Jina hilo lilikuwa na maana yake: shingo ilipachikwa vijiti vya chuma, hivyo kidole kikibonyeza uzi nyuma ya kijiti, sauti hutoka ilivyo, ambapo kwenye besi ya kusimama mtu huhitaji miaka kadhaa ya kuzoeza sikio na mkono. Mwaka 1956 kampuni ya Höfner ya Ujerumani Magharibi ilitoa besi yake iitwayo 500/1, yenye umbo la fidla na tumbo lililo wazi ndani. Mwaka 1960 Fender akaongeza ya pili, Jazz Bass. Magitaa mengi ya besi yaliyofuata, hata yale ya Japani, ni watoto au wajukuu wa hizo tatu.

Tuzilinganishe basi, kama ambavyo mtu wa kazi huzilinganisha. Nyuzi ni nne katika zote, na hukazwa kwa sauti zile zile. Uzi mnene kabisa hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, nusu ya uzi mnene wa gitaa la kawaida. Lakini urefu wa uzi unaotetemeka katika besi za Fender ni sentimita 86, na katika ile ya Höfner ni 76. Sentimita 10 si kitu kwa karani anayesoma orodha ya bei. Kwa mkono wa kushoto ni safari. Uzi mrefu hukazwa zaidi, nao hutoa sauti iliyo wazi hata chini kabisa. Uzi mfupi hulegea, hutoa sauti ya mviringo yenye giza kidogo, na mwenye vidole vifupi huufikia bila kujinyoosha. Tena unene wa shingo: karibu na kichwa, Precision ya awali ilikuwa na upana wa milimita 44 hivi, Jazz Bass milimita 38. Mtu aliyezoea gitaa la kawaida akahamishiwa besi, jambo lililowapata wengi, hujiona yuko nyumbani zaidi akiishika hiyo ya pili.

Kuna uzito. Besi ya mbao nzito ya aina ya Fender ina kilo 4 hivi. Hazimtishi mtu dukani, lakini dansi letu lilianza usiku na kwenda karibu na majogoo, na mkanda hukata bega. Besi yenye tumbo wazi ni nyepesi mno. Kwa nini basi bendi zote zisichague nyepesi? Kwa sababu tumbo wazi likisogezwa karibu na spika inayopiga kwa nguvu huanza kunguruma lenyewe, pasipo kuguswa na mtu, na katika ukumbi uliojaa watu jukwaa dogo halimpi mpigaji mahali pa kukimbilia.

Kuna sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi. Hapa tunawaomba walimu wa fizikia watusaidie darasani, maana somo lao limo humu. Sumaku yenye koili moja hunasa pia mvumo wa nyaya za umeme na wa taa ndefu za mirija, na baa zetu nyingi zilikuwa na nyaya za kubahatisha. Tangu mwaka 1957 Precision ilipewa koili iliyogawanywa vipande viwili vinavyozunguka kinyume, hata mvumo wa kipande kimoja hufutwa na wa kingine. Jazz Bass ina sumaku mbili. Vifundo vyake vikifunguliwa sawasawa mvumo hupotea, lakini mpigaji akipendelea moja ili apate sauti yake, mvumo hurudi. Kwa hiyo Jazz Bass humpa mtu sauti nyingi za kuchagua, nayo hudai umeme mzuri. Sisi tungeulizwa ipi ya kuchukua katika safari ya bendi kwenda vijijini na jenereta, tungetaja Precision bila kusita.

Magitaa ya umeme yalienea kwetu katika miaka ya 1960, na hapo ndipo swali letu lilipogeuka. Seti ya vyombo yenye amplifaya na spika ilikuwa na bei isiyofikiwa na mshahara wa kibarua. Waliomudu walikuwa vyama na mashirika. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilifuata mwaka 1971 chini ya umoja wa vijana wa TANU. Jeshi na polisi nao walikuwa na bendi zao. Mpigaji akawa mwajiriwa mwenye mshahara, na chombo kikawa mali ya mwajiri, chenye namba katika daftari la mali. Hata lugha ya wanamuziki ilipata neno lake: mwenye vyombo. Tusiwe watovu wa shukrani. Pasipo mpango huo vijana wengi wa Kitanzania wasingeligusa gitaa la besi maishani mwao, na nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania zisingekuwapo.

Hata hivyo mpango huo ulimwondoa mchaguzi dukani. Tumewahi kuiona hati ya ununuzi ya ofisi moja, ambayo hatutaitaja, iliyoeleza kwa mistari minne aina ya viti vilivyotakiwa, mbao zake na rangi yake, kisha ikaandika: gitaa la besi, moja. Basi. Si urefu, si sumaku, si aina ya nyuzi. Aliyekuja kulipiga alipokea lililoletwa, na aliyemfuata alirithi chombo kilichokwisha kuzoea mkono wa mwenzake.

Je, mpigaji aliacha kuchagua? La hasha. Alihamishia uchaguzi wake mahali ambapo daftari la mali halikufika. Wa kwanza ni mahali pa kupiga: akipiga karibu na kitako cha gitaa, sauti hukaza na kusema upesi, akisogea kuelekea shingoni, hunenepa. Wa pili ni kidole gumba au vidole viwili. Wa tatu ni nyuzi. Nyuzi zilizozungushiwa utepe bapa hazing'ari, lakini hudumu miaka. Zile zilizozungushiwa waya wa duara hung'ara, na baada ya wiki kadhaa za jasho na vumbi hufa. Nyuzi zilipokuwa adimu wapiga besi walizichemsha majini, uchafu ukatoka, uhai ukarudi kwa siku chache. Na ndani ya shingo mna chuma kinachozuia mbao zisipinde; bendi iliyotoka unyevu wa pwani na kupanda hadi ukavu wa Dodoma ilihitaji mtu anayejua kukikaza au kukilegeza kwa kipimo.

Tunaamini kwamba namna yetu ya kupiga besi ilisaidiwa na hali hiyo. Sikiliza nyimbo za Juwata au za Mlimani Park: besi haimwagi sauti mfululizo. Husema maneno mawili matatu, hunyamaza, huachia magitaa yajibizane, kisha hurudi. Na wimbo unapofika kwenye chemko, ukimya ule ndio unaomwinua mchezaji kitini. Asili yake ni ile ngoma kubwa tuliyoitaja. Lakini spika dhaifu nayo ilifundisha kitu: sauti 41 kwa sekunde zikifuatana upesi katika spika ndogo hugeuka uji, na mpigaji mwenye busara huweka nafasi kati yake.

Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zikawa haba, na vyombo vipya vikawa kama mvua ya kiangazi. Wanamuziki walihama sana katika miaka hiyo. Mwaka 1978 Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake waliiacha Juwata wakaenda kuianzisha Mlimani Park, na mwaka 1985 yeye na wengine wakahamia Orchestra Safari Sound. Watu huhesabu mshahara tu katika kuhama kwa wanamuziki. Tungependa wanafunzi wafikiri pia juu ya vyombo, maana kwa mpigaji asiye na chake, kuhama bendi kulikuwa njia pekee ya kubadili gitaa.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Wanamuziki waliopata mikataba ya kupiga katika hoteli za Oman na nchi nyingine za Ghuba walirudi na magitaa yao wenyewe, waliyoyajaribu wenyewe dukani. Besi za nyuzi tano, zenye uzi unaoshuka hadi mitetemo 31 kwa sekunde, nazo zikaingia, na hadi leo wapigaji wanabishana kama uzi huo wa tano ni lazima au ni mapambo. Sisi tunadhani katika dansi la zamani hauna kazi, ila kwa kwaya za injili za siku hizi una kazi kubwa.

Katika taarabu mambo yalikwenda kwingine. Black Star ya Tanga ilikwisha kuliingiza gitaa la besi la umeme katika taarabu tangu miaka ya 1960, na wengi waliifuata. Siku hizi vikundi vingi vya taarabu ya kisasa huiachia kazi hiyo kinanda, na besi hutoka katika mkono wa kushoto wa mpigaji wake. Huyo hapimi shingo wala uzito begani. Hubonyeza kitufe, akasikiliza, akabonyeza kingine.