Stela: Jiwe la Kutangazia

Stela ni bamba la jiwe lililosimikwa wima na kuchongwa maandishi ili watu wasome: amri ya mfalme, sifa za marehemu au mpaka wa ardhi.

Jiwe la Rosetta ni kipande cha stela, kimo sentimita 112. Limechongwa azimio ambalo makuhani wa Misri walilipitisha mwaka 196 KK ili kumtukuza Mfalme Ptolemaio wa Tano. Mwishoni waliagiza lichongwe kwenye stela za jiwe gumu, kwa maandishi matakatifu (hieroglifi), ya wenyeji na ya Kigiriki, zikasimikwe mahekaluni.

Askari wa Ufaransa walilikuta jiwe hilo katika mji wa Rashid (Rosetta) mwaka 1799. Mwaka 1822 mtaalamu Mfaransa Champollion alilitumia kufumbua hieroglifi.

Tazama juu ya jiwe palipomeguka: hieroglifi zimebaki mistari 14 tu.