Faraja ya Haraka: Nyimbo za Kamina na Historia ya Kupunguza Uzito wa Moyo

Mtu aliyezidiwa na mambo husemwa kuwa ana msongo wa mawazo, na neno hilo latokana na kitenzi kusonga, yaani kubana. Maneno ya Kiswahili yatajayo kitulizo huelekea upande wa pili. Kupumzika kwahusiana na pumzi. Kuburudika kuna asili ya Kiarabu yenye maana ya ubaridi. Faraja nayo, ya asili hiyohiyo, hubeba wazo la kufunguliwa baada ya kubanwa. Lugha yenyewe basi yashuhudia kwamba dhiki ya moyo hukaa pia mwilini. Makala haya yanauliza jinsi kitulizo hicho kilivyopatikana zamani, katikati ya kazi, kwa watu wasiokuwa na nafasi ya kwenda mbali.

Ushahidi mmoja tunao hapa Kamina. Mji huu ulikuzwa na reli: njia ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilifunguliwa mwaka 1928, na mwaka 1956 Kamina ikaunganishwa na Kabalo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Wabelgiji walijenga pia kambi kubwa ya kijeshi. Hivyo walikutana hapa watu wa asili mbalimbali, ambao siku yao ilipimwa kwa saa ya mwajiri.

Mwaka 1953 alifika padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, akaunda kwaya ya wavulana wapatao 45 na walimu 15, iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 kwaya hiyo iliimba Missa Luba katika misheni ya Kamina, kisha ikazuru Ulaya. Ulimwengu waikumbuka sahani yao kwa ajili ya misa hiyo. Hata hivyo, upande wake mwingine una nyimbo za maisha ya kila siku: “Twai Tshinaminai” ni wimbo wa kazi, “Banaha” ni wa askari, nao wimbo wa lutuku wa Bene Kanyoka ni wa kutoka katika huzuni. Hata Kyrie ya misa yenyewe hufuata mtindo wa kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba.

Tuzitazame nyimbo hizo kwa matumizi yake. Katika wimbo wa kazi mmoja huanza na wengine huitikia. Anayengoja zamu yake huvuta pumzi, na mikono yote hufuata pigo moja. Wimbo wa kutoka msibani huwekea huzuni mpaka: mfiwa hutambuliwa mbele ya watu kwamba amerudi miongoni mwao. Faraja hiyo huja upesi kwa sababu imetayarishwa zamani. Kila mtu amekwisha kuujua wimbo tangu utotoni, wala hatakiwi kuubeba peke yake.

Hata hivyo tusiitukuze kupita kiasi. Wimbo hupunguza uchovu, haupunguzi kazi, na msimamizi aweza kuufurahia kuliko mwimbaji. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière mjini Elisabethville waligoma wakidai mishahara zaidi, nao wakapigwa risasi. Dhiki ya namna hiyo haikuhitaji pumzi tu, ilihitaji haki.

Kutokana na historia hii twapata mambo mawili. La kwanza, mwanafunzi anayekesha kabla ya mtihani na mwalimu anayengoja mshahara wasidharau kitulizo kidogo: kushusha pumzi taratibu, kuimba na wenzao, kumtembelea mfiwa na kukaa naye. La pili, wasikichukue kitulizo hicho kuwa jibu la kinachowabana. Wazee wetu waliimba ili wapate nguvu ya kuendelea. Jambo la kudai walilidai kwa njia nyingine.