Tungamo, uzito na siku ‘Uhuru’ ilipopaa angani

Katika ufuo wa Sori, mbuta hutundikwa kwenye mizani na mchuuzi akasema, “Huyu ana uzito wa kilo tano.” Sokoni hakuna asiyemwelewa. Katika fizikia, hata hivyo, kilo ni kizio cha tungamo, yaani kiasi cha maada iliyomo katika kitu. Uzito ni nguvu ambayo dunia humvutia samaki huyo. Mpeleke mwezini, uzito utashuka hadi takriban sehemu moja ya sita. Tungamo litabaki lile lile.

Je, kitu kisichotundikika hupimwaje? Mwaka 1687, Isaac Newton alieleza kwamba vitu viwili huvutana, na tungamo likizidi, mvuto nao huzidi. Basi ukijua umbali baina yavyo na muda wa kuzungukana, unaweza kukokotoa jumla ya tungamo lavyo.

Kanuni hiyo ina historia hapa kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Iligundua kwamba miali ya Cygnus X-1 hubadilika haraka mno, ishara kuwa chanzo chake ni kidogo sana.

Baadaye Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton nchini Kanada, walichunguza nyota iliyo mahali hapo. Waliona inazungukana na mwenzi asiyeonekana kila siku 5.6. Kwa kupima mwendo wa nyota hiyo, walikadiria tungamo la mwenzi wake, wakaona ni kubwa mno kuwa nyota ya nyutroni. Lilikuwa shimo jeusi. Siku hizi hukadiriwa kuwa na tungamo mara 21 ya lile la Jua.

Hebu tujiulize basi. Neno letu lilipaa angani zaidi ya miaka 50 iliyopita, lakini mwanafunzi wa Sori hufunzwa kanuni hii kwa Kiingereza. Akirudi ufuoni ana neno moja tu, uzito, kwa dhana mbili. Neno tungamo tunalo tayari, na vitabu vya sayansi vya Tanzania hulitumia. Walimu wetu wa fizikia na wa Kiswahili wakae pamoja walifikishe darasani.