Gitaa la Besi na Nyuzi Zake: Historia ya Sauti ya Chini Jukwaani

Gitaa la besi lilibuniwa kwa sababu besi ya kusimama ilikuwa haisikiki. Katika bendi za dansi za Marekani za miaka ya 1930 na 1940, tarumbeta na saksafoni ziliongezeka, kumbi zikapanuka, wapiga dramu wakazidi kutumia nguvu, huku mpiga besi akibaki na chombo kirefu kuliko yeye mwenyewe, chenye nyuzi za utumbo wa mnyama na sauti iliyofifia kabla ya kufika katikati ya ukumbi. Safarini kilikuwa mzigo. Kilifungwa juu ya paa la gari, kikapigwa na mvua na vumbi, na mbao zake nyembamba zikapasuka. Karibu kila badiliko kubwa lililofuata, la gitaa lenyewe na hasa la nyuzi zake, lilitokana na haja hiyohiyo ya jukwaani: kuifanya sauti ya chini isikike, tena isikike ikiwa noti kamili.

Majaribio ya kwanza yalielekea pande mbili. Everett Hull, mwanzilishi wa kampuni ya Ampeg, aliingiza maikrofoni ndani ya besi ya kusimama kupitia mguu wake wa chuma katika miaka ya 1940. Sauti ilipanda, lakini tumbo la chombo likiwa wazi namna ile, kelele za ukumbi nazo ziliingia. Upande wa pili ulikuwa wa Paul Tutmarc wa Seattle, ambaye katikati ya miaka ya 1930 aliunda besi ndogo ya umeme ya ubao mzima, yenye freti (vipande vya chuma vinavyotenganisha noti kwenye shingo), ya kushikwa kama gitaa la kawaida. Aliiuza kwa jina la Audiovox 736. Wazo lilikuwa sahihi kabisa, ila wanunuzi walikuwa wachache, na chombo hicho kikasahaulika kwa miongo kadhaa.

Aliyefanikiwa ni Leo Fender, mtu ambaye hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi redio wa mji wa Fullerton, California, na wateja wake walikuwa wanamuziki wa bendi ndogo za mikahawa na kumbi za dansi. Aliwasikiliza. Wapiga gitaa wengi walikuwa wakipoteza kazi kwa sababu kiongozi wa bendi alitaka mtu anayeweza pia kushika besi, na besi ya kusimama, isiyo na freti, haijifunzwi kwa wiki mbili. Mwishoni mwa mwaka 1951 kampuni yake ilitoa Precision Bass: ubao mzima, nyuzi nne, freti 20, na urefu wa uzi wa inchi 34, yaani takriban sentimita 86. Besi ya kusimama ina zaidi ya mita moja. Fender aliupata urefu huo kwa majaribio, akitafuta mahali ambapo uzi ungekuwa mfupi vya kutosha kwa vidole vya mpiga gitaa, na mrefu vya kutosha kwa noti ya chini kabisa, E, inayotetemeka mara 41 kwa sekunde, isiyumbe. Inchi 34 ndizo zinazotumika hadi leo katika magitaa mengi ya besi duniani.

Umeme ndio uliolazimisha chuma. Chini ya nyuzi za Precision palikuwa na sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, kifaa ambacho wapigaji wanakiita pikapu. Sumaku haisikii utumbo. Husikia chuma kinachotetemeka karibu nayo. Lakini kipande kimoja kinene cha chuma kingekuwa kigumu mno kupinda na kutoa noti safi. Uzi wa besi kwa hiyo ukawa kitu cha tabaka: kiini chembamba cha chuma katikati, kisha waya mmoja au zaidi uliozungushwa juu yake kwa kubana sana ili kuongeza uzito bila kuongeza ugumu. Umbo la waya huo wa nje limeathiri sauti ya besi kuliko aina ya mbao, ingawa mbao ndizo zinazosifiwa zaidi na wauzaji.

Mwaka 1952 Fender alitoa amplifaya ya kuendana na gitaa hilo, Bassman, yenye spika moja ya inchi 15. Monk Montgomery, katika bendi ya Lionel Hampton, akaipeleka besi ya umeme kwenye majukwaa makubwa ya jazi mapema katika miaka ya 1950. Wako walioidharau, wakiiona chombo cha watu wasioweza kupiga besi halisi. Hampton aliitaka kwa sababu iliyo rahisi: bendi yake ilikuwa na kelele, na sasa besi ilisikika.

Nyuzi za miaka hiyo zilikuwa za waya bapa. Utepe mwembamba wa chuma ulizungushwa juu ya kiini, uso wa uzi ukawa laini kama kioo, na kidole kiliteleza bila mkwaruzo. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mviringo, yenye mshindo mwanzoni na kufifia haraka, na ilifanana na besi ya kusimama ambayo masikio ya watu yalikwisha kuizoea. Tena waya bapa haukula freti.

Hakuna aliyezitumia kwa ufasaha kuliko James Jamerson, mpiga besi wa studio ya Motown mjini Detroit. Alianzia kwenye besi ya kusimama, na alipohamia Precision ya mwaka 1962 hakubadilisha tabia ya mkono wake. Aliweka nyuzi bapa nene za La Bella, akaziinua juu ya shingo kiasi cha kuwashinda wengine waliojaribu kulipiga gitaa lake, na akakung'uta kwa kidole kimoja tu cha shahada. Chini ya kifuniko cha chuma, karibu na daraja la nyuzi, palikuwa na kipande cha sponji kilichogusa nyuzi na kuzikatisha mlio. Nyuzi zenyewe hakuzibadilisha hadi zikatike. Jasho, mafuta ya vidole na vumbi vilijaa ndani ya mzunguko wa waya, milio ya juu ikafa, ikabaki noti tupu yenye mshindo. Anayesikiliza nyimbo za Motown za miaka ya 1960 anasikia uzi mzee, uliochafuka, mikononi mwa mtu aliyejua kila noti inaanzia wapi na inakoma wapi. Ni sauti ambayo uzi mpya hauwezi kuitoa.

Maumbo mengine ya gitaa yalijitokeza wakati huohuo. Kampuni ya Höfner ya Ujerumani ilionyesha mwaka 1956 besi yenye umbo la fidla, yenye tumbo wazi na urefu wa uzi wa takriban inchi 30. Paul McCartney alinunua moja Hamburg mwaka 1961. Wepesi wake ulimfaa mtu aliyepiga na kuimba kwa saa nyingi usiku. Uzi mfupi hulegea zaidi na kutoa sauti laini, jambo linalopendeza katika nyimbo fulani na kupwaya katika noti ya chini kabisa. Mwaka 1960 Fender naye alitoa Jazz Bass, yenye pikapu mbili na shingo iliyopunguzwa upana pale juu kutoka takriban milimita 44 hadi 38. Pikapu ile ya pili, iliyowekwa karibu na daraja la nyuzi, iliokota milio mikali ambayo Precision haikuwa nayo.

Badiliko lililogeuza mambo lilitoka Uingereza, nalo lilikuwa la nyuzi. John Entwistle wa bendi ya The Who alipiga kwa kasi, pamoja na mpiga gitaa na mpiga dramu waliosifika kwa kelele, na noti za waya bapa zilimezwa. Alipokuwa akirekodi "My Generation" mwaka 1965, alitafuta mlio mkali kwa kutumia besi za Danelectro, zilizokuwa na nyuzi nyembamba. Kwa maelezo yake mwenyewe, nyuzi hizo zilikatika, na kwa kuwa za akiba hazikupatikana madukani, ikambidi anunue gitaa jingine zima kila mara. Mwishowe wimbo ulirekodiwa kwa gitaa la Fender.

Mwaka uliofuata alishirikiana na kiwanda cha Rotosound cha James How kutengeneza seti iliyozungushiwa waya wa mviringo, kama nyuzi za gitaa la kawaida. Uzi huo hupapasika kama msumeno mdogo. Mabonde na vilima vyake huacha noti ilie muda mrefu, ikitoa milio ya juu inayokaribia piano. Kwa mara ya kwanza besi ilisikika kwa ukali wake, mbali na wingi wa amplifaya. Mpigaji hakulazimika tena kuzishinda ala nyingine kwa nguvu, maana sauti yake ilipata sehemu ambayo hazikuikalia.

Mitindo mizima ikajengwa juu ya waya huo. Chris Squire wa bendi ya Yes alitumia nyuzi hizo kwenye gitaa lake la Rickenbacker na kuifanya besi iongoze. Mpiga besi Larry Graham, aliyewahi kupiga pamoja na mama yake bila mpiga dramu, alianza kugonga uzi kwa dole gumba na kuuchomoa kwa kidole cha pili ili kujaza nafasi ya dramu. Akiwa na bendi ya Sly and the Family Stone aliueneza mtindo huo, nao ulipokuja kuwa shule kamili ya fanki, wafuasi wake walitaka uzi wa mviringo, tena mpya.

Uzi huo ulikuwa na gharama yake. Husaga freti, na kwenye shingo isiyo na freti hukwangua mbao zenyewe. Mpiga besi Jaco Pastorius, aliyejiunga na bendi ya Weather Report mwaka 1976, alitumia Jazz Bass ya mwaka 1962 ambayo freti zilikuwa zimeng'olewa na mianya yake kuzibwa. Alitaka mlio wa waya wa mviringo kwenye shingo tupu, kwa hiyo uso wa shingo ulipakwa matabaka ya epoksi inayotumika kwenye mashua. Epoksi hiyo ngumu ilizuia mkwaruzo, nayo ikaongeza mlio unaolia kama sauti ya mtu. Dawa ya kuhifadhi mbao ikageuka kuwa sehemu ya sauti yenyewe.

Nguvu ya umeme ilipanda sambamba. Mwaka 1969 Ampeg ilitoa amplifaya ya SVT ya wati 300, iliyosukuma makabati ya spika nane za inchi 10, kwa ajili ya viwanja ambavyo amplifaya za awali hazikuvitosha. Mwaka 1976 kampuni ya Music Man, ambayo Leo Fender alikuwa mmoja wa wenyewe, ilitoa besi ya StingRay, iliyokuwa na amplifaya ndogo ndani ya gitaa ikiendeshwa na betri. Iliwezesha mpigaji kuongeza au kupunguza milio akiwa jukwaani, na ikaleta wasiwasi mpya wa betri kuisha katikati ya wimbo. Mpiga besi Anthony Jackson alikuwa amekwisha kuagiza gitaa la nyuzi sita mwaka 1975, lenye noti ya B ya chini, mitetemo 31 kwa sekunde. Miaka ya 1980, sintesaiza zilipoanza kushuka chini ya E, besi za nyuzi tano zikaenea. Uzi wa B hulegea ukiwa mfupi, ndiyo maana baadhi ya watengenezaji waliurefusha hadi inchi 35 na zaidi.

Afrika Mashariki na Kongo, gitaa la besi liliingia kupitia bendi za dansi, likashika nafasi ya besi ya kusimama chini ya magitaa ya solo na rithim. Katika rumba na muziki wa dansi, besi haisindikizi tu. Huacha nafasi, hurudi, huijibu solo, na mchezaji dansi huifuata kwa miguu. Besi ya Tom Malanga katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978, ni mfano ambao wasikilizaji wengi huutambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Tanga, vilabu vya Black Star na Lucky Star viliingiza gitaa la umeme na la besi katika taarabu. Ala katika bendi nyingi za Tanzania zilikuwa mali ya bendi au ya taasisi iliyoimiliki, kama ilivyokuwa kwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, kwa hiyo mpigaji alipiga kilichokuwapo.

Uteuzi wa nyuzi kwa onyesho bado unafuata njia mbili, bapa na mviringo, pamoja na nyuzi zilizosagwa uso nusu kwa wanaotaka katikati. Chuma cha pua hutoa mlio mkali zaidi, nikeli hulainisha. Seti ya kawaida huanzia inchi 0.045 hadi 0.105 kwa unene, nayo huivuta shingo kwa takriban kilo 80. Anayehamia seti nene au nyembamba hana budi kurekebisha fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, la sivyo shingo hupinda na nyuzi hugonga freti. Jasho na hewa ya chumvi ya pwani huua mlio wa waya wa mviringo mapema, maana uchafu hujaa mabondeni. Wengi huzichemsha nyuzi kwa dakika chache ili kuutoa, nazo hufufuka kwa muda mfupi tu. Kampuni ya Gore ilianza katika miaka ya 1990 kuuza nyuzi zenye utando mwembamba wa plastiki kwa jina la Elixir. Bei yake ni ya juu na mguso wake huteleza, lakini hudumu, na kwa bendi inayopiga kila wikendi karibu na bahari gharama hiyo hurudi. Wenye nyuzi bapa hawana shida hiyo, kwani seti moja iliyotunzwa huweza kupiga miaka mingi, na wengi wao huiona imeanza kufaa pale tu upya wake unapokwisha.