Kiazi Nacho Kilivuka

Siku tulipovuka Mpondwe, mama alitununulia viazi vitamu vya kuchemsha pale Kikorongo, barabara ya Bwera inapokutana na ile ya Kasese.

Leo vijana wangu wanabishana. Sisi Wakongo tunasema viazi, majani yake matembele. Waganda wanasema lumonde, Warundi ibijumba. “Ni chakula chetu, nyie mulikikuta hapa!”

Jamani, sote tulikikuta. Asili yake ni Amerika. Wareno ndio walikileta Afrika. Wamaori wa New Zealand wanakiita kumara, na Wakechua wa milima ya Andes wana neno kumar. Wataalamu wengi wanaona jina lilisafiri na mbegu, kabla ya Columbus.

Kiazi kilifika mgeni, kikapewa udongo na jina. Nasi tunaomba hivyo hivyo.