Uwanja wa Gofu wa Mteremkoni: Ardhi, Maji na Uamuzi wa Kijiji

Gofu ni mchezo ambao mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo maalumu hadi uingie shimoni, na mshindi ni mwenye mikwaju michache. Uwanja kamili una mashimo 18. Nchini Uingereza, viwanja vingi vilivyo mbali na bahari ni malisho ya zamani yenye nyasi na miti mikubwa, na baadhi vimejengwa kwenye miteremko ya vilima.

Hapa nchini, mandhari ya karibu na hayo yako kaskazini. Klabu ya Gymkhana ya Arusha ina uwanja wa mashimo tisa chini ya Mlima Meru, na uwanja wa Kili Golf wenye mashimo 18 uko kati ya Meru na Kilimanjaro.

Mteremko hubadili mchezo. Mpira unaopigwa kuelekea juu husafiri umbali mfupi, na unaopigwa kuelekea chini huenda mbali. Mteremko hubadili pia mwendo wa maji: mvua kubwa hukimbia na kubeba udongo pasipo na mitaro na nyasi imara, na kiangazi ardhi ya juu hukauka mapema. Nyasi fupi zinazozunguka shimo huhitaji kumwagiliwa mara kwa mara.

Kwa eneo kama Kinampanda, kwenye uwanda wa juu wa Iramba mkoani Singida, hilo ni jambo la kupimwa kwanza. Mvua hunyesha msimu mmoja, na kiangazi huchukua zaidi ya nusu ya mwaka. Maji ya kumwagilia nyasi yangetoka kwenye vyanzo vilevile vinavyotegemewa na kaya na mifugo. Aidha, uwanja wa mashimo 18 huhitaji takriban hekta 50 au zaidi, yaani ekari zaidi ya 120, ambazo zingeweza kulimwa alizeti, mtama na mahindi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaeleza kuwa ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 inapokusudiwa kuhamishiwa ardhi ya jumla, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaoidhinisha au kukataa. Uwanja wa gofu unaangukia ndani ya kiwango hicho. Mkutano huo ni wa wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi, wanawake kwa wanaume. Matumizi makubwa ya maji nayo huhitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, kwa mujibu wa Sheria Na. 11 ya mwaka 2009.

Kwa hiyo, mwananchi anayeletewa pendekezo la aina hii anapaswa kuuliza, kabla ya kura, maji yatatoka wapi wakati wa kiangazi, fidia italipwa kwa nani na lini, na ajira zipi zitabaki kijijini baada ya ujenzi. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.