Ufunguo Uko kwa Nani
Tarehe 24 Aprili 1954, Operesheni Anvil ilipoanza, wanajeshi walipekua mitaa ya Eastlands mlango baada ya mlango. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapakiwa malori kwenda kuchujwa Lang'ata. Kufuli la mpangaji halikuzuia kitu. Hata leo, rent ikichelewa, mwenye ploti hubandika kufuli lake juu ya lako.

Mimi nabuni kitasa cha umeme kinachofunguliwa kwa simu, kwa bluutuuthi. Stima ikipotea (na huku hupotea sana), betri inashikilia. Hiyo ilikuwa rahisi. Mwenye ploti mmoja wa Umoja akaniuliza, "Naweza kumfungia mtu nje nikiwa ushago?"

Kiufundi, ndiyo. Nimeandika programu upya: ufunguo unakaa kwa simu ya mpangaji pekee. Bado hajanunua.